Ununue Matairi ya Njumu au Usinunue? Mwongozo wa Kuamua Kabla Barafu Haijashika

Majani yakianza kupukutika katika nchi za baridi, swali linarudi lile lile: "Ninunue matairi yenye njumu, au haya ya kawaida ya baridi yanatosha?" Mwulizaji mara nyingi amehamia karibuni, hajawahi kuendesha juu ya barafu, na tayari ana majibu mawili yanayogongana. Jirani mmoja kamwambia bila njumu hatamaliza msimu. Mwingine kamwambia njumu ni kelele tupu na zinaharibu barabara. Huenda wote wawili wanasema kweli, kila mtu kwa njia anayopita yeye.

Mwongozo huu unakupa utaratibu wa kuamua mwenyewe. Swali unalolijibu ni moja tu: zile asubuhi mbaya ambazo huna budi kutoka, tairi lako litakanyaga nini? Ukali wa baridi ya nchi hauna uzito mkubwa kama watu wanavyodhani. Kuna sehemu zenye baridi ya kutisha ambako njumu hazina kazi, na kuna sehemu za baridi ya wastani ambako zinaokoa watu kila wiki.

Kwa ambaye hajawahi kuziona: njumu ni vipande vidogo vya chuma vilivyopachikwa kwenye uso wa tairi, vyenye ncha ngumu ya kabidi ya tungsteni inayojitokeza nje kwa milimita 1 hivi. Tairi moja la gari dogo huwa nazo mia moja, mia mbili, wakati mwingine zaidi. Kazi yake ni kuchimba barafu. Hiyo ndiyo nadharia yote unayohitaji kwa sasa.

KABLA HUJAANZA, KUSANYA HAYA

- Saizi ya matairi yako. Imeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 205/55 R16 91T. Piga picha.
- Kitabu cha gari, au kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Humo mna saizi zinazoruhusiwa na presha ya upepo.
- Daftari, au simu yako, kwa ajili ya kuandika hali ya barabara kwa muda wa wiki mbili.
- Ukurasa rasmi wa mamlaka ya usafiri ya nchi, jimbo au mkoa unaoishi. Maneno ya kazini hayatoshi.
- Orodha ya mipaka unayovuka kwa gari, hata kama ni mara moja kwa mwaka.
- Mahali pa kuhifadhi matairi manne miezi ambayo hayatumiki: pakavu, pasipo jua.

Anza mapema, kabla theluji ya kwanza. Siku ikianguka, karakana zote zinajaa na saizi yako inakwisha.

HATUA YA 1: MALIZA SUALA LA SHERIA KWANZA

Watu wengi huifanya hatua hii mwisho, wakati fedha imeshatoka. Ifanye kwanza, maana inaweza kukufungia mjadala wote kwa dakika tano.

Ujerumani imepiga marufuku njumu tangu 1975, ukiondoa kipande kidogo cha barabara karibu na mpaka wa Austria. Uholanzi na Poland nako haziruhusiwi. Ukiishi huko, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4 uchague tairi lisilo na njumu.

Nchi za Nordiki zinaruhusu, ila kwa majira. Uswidi ni kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 15 Aprili. Ufini ni Novemba hadi mwisho wa Machi. Zote mbili huruhusu pia nje ya tarehe hizo iwapo hali ya barabara inalazimu. Norwe ni kuanzia 1 Novemba hadi Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, lakini mikoa ya kaskazini, yaani Nordland, Troms na Finnmark, imepewa muda mrefu zaidi: 16 Oktoba hadi 30 Aprili. Denmark ni 1 Novemba hadi 15 Aprili.

Ukishuka kusini mwa Ulaya, ruhusa inakuja na masharti ya mwendo. Austria inakubali kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei, lakini usizidi kilomita 80 kwa saa nje ya mji na 100 kwenye barabara kuu za magari ya kasi. Ufaransa ukomo ni 90. Uswisi ni 80, na barabara zake kuu za kasi zimefungwa kwa njumu isipokuwa vipande vichache vya milimani.

Amerika Kaskazini ni jimbo kwa jimbo, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu akisikia Minnesota anafikiria baridi kali, halafu anadhani njumu lazima ziwe halali. Haziruhusiwi kwa wakazi wake. Colorado inaruhusu mwaka mzima. Washington na Oregon ni 1 Novemba hadi 31 Machi. Kanada, jimbo la Quebec linataka kila gari liwe na matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, na njumu zinakubalika kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei. Ontario nayo imeziachia wakazi wa kaskazini mwa jimbo tu, hivyo mtu wa Toronto hana nafasi.

Baada ya sheria ya nchi, tazama ya mji. Oslo inatoza ada kwa gari lenye njumu. Stockholm ilifunga mtaa wa Hornsgatan kwa magari ya njumu kuanzia 2010, kwa sababu ya vumbi linalosagwa kutoka kwenye lami na kuvutwa na wakazi. Huenda mji wako una mtaa wa namna hiyo na wewe unaupita kila siku bila kujua.

Angalizo: tarehe hubadilishwa. Hizi nilizotaja zikupe picha, kisha thibitisha zako kwenye ukurasa rasmi. Na kumbuka mipaka. Ukitoka Uswidi na gari la njumu ukapita Denmark ndani ya tarehe zake uko halali. Ukiingia Ujerumani kwa barabara au kwa feri, umevunja sheria, hata kama unakwenda harusini kwa siku mbili.

HATUA YA 2: ANDIKA UNACHOKANYAGA

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo usiharakishe.

Chukua safari zako za lazima: kazini, shuleni kwa watoto, zamu ya usiku, ibada kama iko mbali. Kwa kila njia andika vipande vyake: barabara kuu kilomita ngapi, mtaa wa ndani, kilima, njia ya changarawe, maegesho ya kazini. Kisha, kama baridi imeshaanza, andika kila asubuhi ulichokikuta. Kama haijaanza, muulize mtu anayepita njia hiyo hiyo saa hiyo hiyo. Usimuulize "barabara huwa mbaya?" Kila mtu atasema ndiyo. Muulize: "Saa kumi na mbili asubuhi, kilima kile kinakuwa kimemwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu au bado?"

Unapoandika, tenganisha hali hizi. Kwa dereva mgeni zote zinaonekana nyeupe, lakini kwa tairi ni vitu tofauti kabisa.

Lami tupu, kavu au yenye maji. Barabara kuu zinazomwagwa chumvi mara kwa mara huwa hivi siku nyingi za msimu. Hapa njumu ni hasara: chuma kwenye lami hakishiki kama mpira unavyoshika, na breki inakwenda mbali zaidi. Ni kama mchezaji aliyetoka uwanjani akaingia na viatu vyake vya njumu kwenye sakafu ya vigae.

Theluji laini au iliyochangamana na maji. Hapa kazi inafanywa na mifereji ya tairi, upana wake na kina chake. Njumu hazina cha kuchimba. Tairi zuri la baridi lisilo na njumu halipitwi kwa lolote la maana.

Theluji iliyoshindiliwa na magari mpaka ikawa ngumu. Njumu husaidia kiasi, hasa pale inapoanza kung'aa.

Barafu kavu, katika baridi kali sana. Kinyume na wanavyotarajia wengi, hapa tairi laini lisilo na njumu hujitahidi vizuri. Barafu ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni ngumu, njumu huichimba kwa shida, na haina utando wa maji juu yake.

Barafu yenye maji, karibu na nyuzi sifuri. Huyu ndiye adui mwenyewe. Mchana jua limeyeyusha, usiku ikaganda tena, asubuhi ina utando wa maji juu. Mpira wa aina yoyote huteleza. Njumu hupenya ule utando na kushika. Tofauti kubwa kabisa kati ya tairi la njumu na lisilo na njumu iko hapa.

Kwa hiyo kwenye daftari lako hesabu asubuhi za aina hii ya mwisho, katika vipande usivyoweza kuviepuka. Hiyo ndiyo namba utakayoitumia hatua ya 7.

Angalizo: usihesabu siku za theluji ukadhani umehesabu siku za njumu. Kuna watu wanapata theluji miezi minne na barafu ya maji kwa wiki moja. Na kuna wa pwani, ambako theluji ni haba lakini barabara inalala na maji na kuamka na barafu.

HATUA YA 3: SOMA HALIJOTO YA MIAKA ILIYOPITA

Hatua fupi. Tafuta takwimu za hali ya hewa za mji wako, utazame miezi ya baridi. Unatafuta kitu kimoja: je, halijoto inavuka sifuri kwenda na kurudi mara nyingi, au inashuka Desemba na kukaa chini hadi Machi?

Inayovuka mara kwa mara huzaa barafu yenye maji. Inayokaa chini huzaa theluji iliyoshindiliwa na barafu kavu. Ukilinganisha na daftari lako, viwili hivi vinapaswa kukubaliana. Visipokubaliana, liamini daftari, kwa sababu kituo cha hali ya hewa hakiko kwenye kilima chako.

HATUA YA 4: JUA NJUMU ZINASHINDANA NA NINI

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kulinganisha njumu na matairi ya majira yote, au mabaya zaidi, matairi ya kiangazi. Ukilinganisha hivyo, njumu zitashinda daima, lakini umelinganisha isivyo haki. Wapinzani halisi ni wawili.

Wa kwanza ni tairi laini la baridi lililotengenezwa kwa ajili ya nchi za Nordiki. Halina njumu. Mpira wake unabaki laini hata kwenye baridi kali, na uso wake umechanjwa mikato mingi myembamba inayong'ata barafu na kufyonza utando wa maji. Kwa mtu wa mjini kwenye nchi ya baridi kali, hili ndilo jibu mara nyingi.

Wa pili ni tairi la baridi la Ulaya ya Kati. Limekusudiwa lami yenye maji baridi, theluji ya mara moja moja na mwendo wa kasi. Kwenye lami ni bora kuliko wenzake. Kwenye barafu ni dhaifu kuliko wenzake. Wauzaji hulionyesha kwenye rafu moja na lile la Nordiki, na mgeni haoni tofauti.

Utazitofautisha kwa alama. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Huo unathibitisha kuwa tairi limepimwa kwenye theluji. Herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake hazithibitishi kipimo chochote, na Ujerumani ilikwishaacha kuzitambua kama alama ya tairi la baridi tangu Oktoba 2024. Kwenye lebo ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2021 kuna pia alama ya kushika barafu. Ukiiona, ni dalili nzuri ya tairi laini la Nordiki.

Ukilikuta tairi la njumu halina lebo hiyo usishtuke. Matairi ya njumu hayamo kwenye mfumo wa lebo, kwa hiyo muuzaji hajakuficha kitu.

HATUA YA 5: LIPIME GARI, KISHA JIPIME MWENYEWE

Gari kuukuu lisilo na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) wala mfumo wa kulizuia lisiserereke linafaidika zaidi na njumu. Gari jipya lina mitambo inayosahihisha makosa madogo, ingawa nayo inategemea mpira uliopo chini.

Gari la umeme ni zito na lina nguvu za ghafla kwenye kuondoka. Njumu zitafanya kazi, ila mguu mzito utazing'oa mapema. Hakikisha pia namba ya uwezo wa kubeba uzito, ile 91 katika mfano wa hapo juu, haiko chini ya inayotakiwa na gari lako.

Angalizo kubwa: "Gari langu linavuta kwa magurudumu yote manne, sihitaji." Kuvuta kwa manne kunakusaidia kuondoka na kupanda. Kwenye breki kila gari lina magurudumu manne, na kwenye kona hali ni ile ile. Magari makubwa unayoyaona mtaroni asubuhi ya barafu mengi yaliondoka vizuri sana.

Upande wako wewe, jibu maswali haya kwa uaminifu. Je, unaweza kusubiri kwa muda wa saa mbili chumvi imwagwe, au zamu yako inaanza saa kumi na mbili? Je, kazi inakubali ufanye ukiwa nyumbani siku moja? Umeendesha misimu mingapi ya barafu? Nani mwingine anatumia gari hilo? Mtu mwenye uzoefu na ratiba laini anaweza kuishi bila njumu mahali ambapo muuguzi wa zamu ya alfajiri hawezi.

HATUA YA 6: HESABU GHARAMA ZOTE, HATA ZISIZO NA RISITI

Bei ya tairi la njumu na la laini zuri la Nordiki mara nyingi hazipishani sana. Tofauti iko kwingine.

Njumu zinapiga kelele. Kwenye lami tupu utasikia mlio wa kusaga kwa safari nzima, na kama unakwenda mbali kila siku hili si jambo dogo. Zinaongeza matumizi ya mafuta au ya umeme kidogo. Sakafu ya maegesho ya ndani au njia ya matofali mbele ya nyumba itachanika. Wenye majengo wengine wanakataza kabisa. Kama mji wako una ada, iweke kwenye hesabu ya kila msimu.

Ongeza rimu. Nunua seti ya pili ya rimu, za chuma zikiwezekana, ufunge matairi ya baridi humo moja kwa moja. Kuvua na kuvalisha tairi kwenye rimu moja kila nusu mwaka kunachosha kingo za tairi, na kila mara unamlipa fundi.

Kisha kuna gharama anayoilipa mwingine. Njumu hukwangua lami, hutengeneza mifereji barabarani ambamo maji hutuama, na vumbi lake hukaa hewani siku kavu za mwisho wa baridi. Japani ilipitisha sheria mwaka 1990 kuzuia njumu kwa sababu ya vumbi hilo. Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili. Huko Sapporo, njumu zilipoondoka, matairi laini yalianza kusugua barafu ya makutano ya barabara mpaka ikang'aa kama kioo. Njumu za magari mengine hukwaruza barafu na kuifanya ishikike hata na asiyekuwa nazo. Kwa hiyo anayejisifu kwamba hajawahi kuhitaji njumu, huenda anabebwa na njumu za jirani zake. Sikwambii hili ili ubebe lawama. Ujue tu kwamba hoja ya mazingira haina upande mmoja.

HATUA YA 7: AMUA

Fungua daftari.

Kama sheria inakataza, umemaliza. Nunua tairi laini la Nordiki ukiwa kwenye baridi kali, au la Ulaya ya Kati kama barafu ni ya nadra.

Kama sheria inaruhusu, na asubuhi zako za barafu yenye maji zinajirudia wiki baada ya wiki, kwenye kilima au njia ya kijijini isiyomwagwa chumvi, na huwezi kusubiri, nunua njumu. Kelele utaizoea.

Kama barafu hiyo inakuja mara chache na unaweza kuahirisha safari au kupanda basi, chukua laini la Nordiki. Mtu wa mjini anayepita barabara zilizosafishwa hana sababu ya kukokota chuma juu ya lami miezi mitano kwa ajili ya asubuhi chache.

Kama tatizo lako lote ni kilima kimoja cha kuingia nyumbani, fikiria minyororo ya matairi au soksi za kitambaa za kuvalisha magurudumu. Inasumbua kufunga ukiwa na vidole vilivyoganda, lakini ni mita mia mbili tu.

Na ukibaki katikati kabisa? Kwa dereva mgeni anayeishi nje ya mji, mimi huegemea njumu. Kwa dereva mgeni wa mjini, huegemea laini, na akiba ya fedha iende kwenye darasa la kuendesha kwenye utelezi. Nchi za Nordiki zina viwanja maalumu vya mafunzo hayo, na saa chache huko zinamfundisha mtu kuliko ushauri wote wa majirani.

HATUA YA 8: NUNUA KWA MACHO MAWILI

Nunua manne. Kamwe usiweke mawili. Ukifunga njumu mbele peke yake, mbele itashika na nyuma itakimbia. Kwenye kona gari linageuka kutazama lilikotoka. Ukizifunga nyuma peke yake, utakata usukani na gari litaendelea kwenda mbele. Norwe na Denmark zinataka njumu kwenye magurudumu yote kisheria, lakini hata pasipo na sheria hiyo, usifanye.

Soma tarehe ya kutengenezwa: tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT ubavuni. 3523 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira wa tairi la baridi hukakamaa kadiri miaka inavyopita, hata kama halijatembea.

Kuna matairi yanayouzwa yakiwa na matundu tayari, ili upachike njumu ukipenda. Upachikaji ufanyike likiwa jipya kabisa, na fundi mwenye mashine. Tairi lililokwisha tembea lina changarawe na uchafu ndani ya matundu, na njumu hazitakaa.

Ukinunua yaliyotumika, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Pima mifereji: Ufini, Uswidi na Norwe zinataka angalau milimita 3 kwa matairi ya baridi, lakini chini ya milimita 5 mimi singelipa. Tazama njumu kwa taa. Zikiwa zimelala usawa wa mpira, unanunua kelele bila faida. Matundu matupu mengi upande mmoja maana yake mwenye gari alikuwa anakanyaga sana, au alama ya mwelekeo haikufuatwa. Linganisha matairi yote manne. Lenye njumu chache kuliko wenzake litakusumbua.

HATUA YA 9: FUNGA, KISHA ZIZOESHE

Fuata mshale wa mwelekeo wa kuzunguka ulioko ubavuni. Kaza nati kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Jaza upepo tairi likiwa baridi. Presha hushuka kwa takribani baa 0.1 kwa kila nyuzi 10 halijoto inaposhuka, kwa hiyo presha uliyopima ndani ya karakana yenye joto itakuwa pungufu nje. Pima tena baada ya wimbi la baridi.

Kilomita 500 za mwanzo endesha kwa upole. Usiondoke kwa kishindo, usikanyage breki ghafla bila sababu, usikate kona kwa kasi. Njumu zinahitaji kutulia ndani ya mpira. Hatua hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na wanaoidharau ndio wanaolalamika Januari kwamba walipewa matairi mabovu.

Siku ya kwanza ya barafu, tafuta sehemu tupu, nenda kilomita 20 kwa saa, kanyaga breki hadi mwisho, uone gari linasimama wapi. Rudia kwa 30. Usiingie barabarani kabla ya kuujua umbali huo kwa macho. Hesabu ya karatasini inatisha kiasi cha kutosha: kwenye barafu telezi yenye kigezo cha msuguano cha 0.1, gari linalokwenda 30 linahitaji karibu mita 35 kusimama, na linalokwenda 50 karibu mita 98, hata kabla ya kuongeza muda wako wa kushtuka. Njumu zinapunguza umbali huo. Haziufuti.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Njumu zinadondoka. Chache kwa msimu si ajabu. Zikidondoka nyingi mwezi wa kwanza, chunguza presha na jinsi unavyoondoka kwenye taa za barabarani. Kama uliyazoesha vizuri na bado yanamwaga, rudi kwa muuzaji ukiwa na picha na risiti.

Usukani unatetemeka kwa mwendo fulani. Mara nyingi ni balansi, au theluji iliyoganda ndani ya rimu. Kwangua theluji kwanza, ndipo uende kwa fundi.

Nyuma ya gari inateleza kuliko mbele. Huenda matairi ya mbele ni mapya zaidi au yana njumu nyingi zaidi. Yaliyo bora yakae nyuma. Kila msimu badilisha ya mbele na ya nyuma yachakae sawasawa, ukiheshimu mshale.

Taa ya presha inawaka na upepo uko sawa. Rimu zako za pili huenda hazina vihisio, au gari halijatambulishwa matairi mapya. Kitabu cha gari kinaeleza namna ya kulitambulisha.

Kwenye lami yenye maji gari linasimama mbali kuliko ulivyozoea. Hakuna kilichoharibika. Njumu ndivyo zilivyo hapo. Ongeza umbali kati yako na gari la mbele.

Gari haliondoki, magurudumu yanazunguka pale pale. Ondoa mguu. Kuzungusha kunayeyusha barafu chini, kunakuchimbia shimo na kung'oa njumu. Nyoosha usukani, mwaga mchanga au changarawe mbele ya magurudumu yanayovuta, tumia gia ya pili kama gari ni la klachi, na uondoke taratibu.

Tarehe ya mwisho imefika na theluji bado inaanguka. Ufini na Uswidi zinakuruhusu kuendelea iwapo barabara kweli iko katika hali ya baridi. Piga picha ya barabara siku hiyo endapo utaulizwa. Pasipo na ruhusa hiyo, vua njumu tarehe ikifika. Ukiwa na matairi ya kiangazi peke yake kwenye banda, gari libaki limeegeshwa mpaka lami ionekane.